Mkono, Mashine au Fundi Sanifu: Daktari wa Meno Ajifunze Vipi Meno Bandia?

Mgonjwa anayekwenda hospitali ya kufundishia kutafuta meno bandia hukuta mambo matatu ambayo hakuyatarajia. Anapokewa na mwanafunzi. Anaambiwa atarudi mara tano, pengine zaidi. Kisha, baada ya nauli zote hizo, anagundua kwamba meno atakayovaa yamepitia pia mikononi mwa mtu ambaye hakumwona hata siku moja: fundi sanifu wa maabara ya meno. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Daktari hasa anafanya nini? Kama fundi yupo, kwa nini mwanafunzi ashinde na nta na plasta? Na kama siku hizi ipo kamera ya kupiga picha ya kinywa na mashine ya kuchapisha meno, kwa nini mafunzo yaendelee kwa njia za zamani?

Maswali hayo hayaulizwi na wagonjwa tu. Wazazi wanaolipa ada huyauliza, wanafunzi wenyewe huyauliza, na walimu wao hawana jibu moja. Mkanganyiko huu una madhara. Mgonjwa asiyeelewa sababu ya safari nyingi huzikatiza, akaenda kwa fundi wa mtaani anayemaliza kazi kwa siku mbili. Mwanafunzi asiyeelewa sababu ya kufundishwa hatua fulani huipita harakaharaka ili apate sahihi ya msimamizi. Tuanze basi na fani yenyewe, kisha tuangalie wanafunzi wanapitia nini, tusikilize hoja nne zinazoshindana, na mwisho tuzipime.

Ugumu hauko kwenye jino

Fani ya meno bandia, ambayo wataalamu huiita prosthodontia, ina matawi matatu makubwa. Yapo meno ya kuvaa na kuvua, yawe machache au ya kinywa kizima. Yapo ya kudumu, yaani kofia inayovikwa jino lililoharibika na daraja linaloegemea meno ya jirani. Na vipo vipandikizi, ambavyo ni skrubu za titani zinazofungwa ndani ya mfupa.

Wengi hudhani ugumu uko katika kutengeneza jino. Jino la meno ya kuvaa hutoka kiwandani likiwa tayari, limepangwa kwa rangi, umbo na ukubwa. Ugumu uko katika kujua liwekwe wapi, na kwa mtu asiye na jino hata moja hakuna alama ya kumwongoza mwanafunzi. Kwanza huchukua chapa ya awali ya kinywa kwa unga wa alijineti uliokorogwa na maji. Chapa humwagiwa plasta, ikapatikana modeli ya taya. Juu ya modeli hiyo hutengenezwa trei ya mgonjwa huyo peke yake, na kwa trei hiyo huchukuliwa chapa ya pili huku mgonjwa akisogeza midomo, mashavu na ulimi, ili kingo za meno zisije zikagombana na misuli. Safari ya tatu ni ya kutafuta jinsi mataya yanavyokutana. Ya nne ni ya kujaribu meno yakiwa bado yamesimamishwa kwenye nta. Ya tano ni ya kuvaa. Baada yake huja safari za kurekebisha panapobana.

Kila hatua hurithi kosa la hatua iliyotangulia. Alijineti hupoteza maji na kusinyaa, kwa hiyo chapa iliyoachwa mezani kwenye joto la Dar es Salaam ikisubiri plasta huzaa modeli isiyofanana na kinywa. Nta nayo hulegea kwenye joto, meno yaliyopangwa asubuhi yakawa yamesogea kufikia jioni. Akriliki, plastiki inayochukua nafasi ya nta baada ya majaribio, huhitaji saa kadhaa katika maji ya moto yaliyodhibitiwa; umeme ukikatika katikati, kemikali isiyoiva hubaki ndani ya meno na kuweza kuchubua fizi. Mwanafunzi anaweza kufanya vizuri hatua zote za kliniki na kazi nzima ikaharibika maabara bila yeye kuwepo.

Taya la chini huongeza mtihani. La juu lina kaakaa pana linaloshikamana na meno kwa msaada wa mate. La chini ni ukingo mwembamba unaopitiwa na ulimi mchana kutwa. Utafiti wa muda mrefu wa Antje Tallgren, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba kwa wavaaji wa meno bandia kamili mfupa wa taya la chini hupungua takriban mara nne zaidi ya ule wa juu. Ndiyo maana mgonjwa husifu meno ya juu na kuyaweka ya chini mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havimfundishi mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Ili kuhakikisha meno yamekaa mahali pake, mgonjwa hutakiwa kuhesabu namba kwa sauti. Vitabu vya Kiingereza hutumia sitini na sita kupima sauti ya S, na hamsini na tano kupima F na V, sauti zinazotokea ncha za meno ya juu zinapogusa mdomo wa chini. Kwa Kiswahili, “sitini na sita” inafaa kabisa. Lakini “hamsini na tano” haina F wala V. Mwanafunzi anayenakili kitabu atampima bibi wa Tanga kwa neno lisilopima kitu. Anayeelewa sababu atamwomba aseme “afya”, “fuvu” au “vifaa”. Mfano huu ni mdogo, lakini unabeba kiini cha mjadala wote: fani hii haiwezi kujifunzwa kwa kukariri hatua bila kujua kila hatua inatafuta nini.

Mtaala uliotoka kwenye jamii za wazee

Mafunzo haya yana historia ndefu. Mwaka 1894 Oswald Fergus wa Glasgow alianzisha matumizi ya kichwa cha mfano, sanamu yenye meno ambayo mwanafunzi huichonga kabla hajaaminiwa kinywa cha mtu. Enzi hizo mara nyingi daktari alitengeneza meno mwenyewe, kwa mpira uliogandishwa. Akriliki ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1930 na maabara za kibiashara zikaongezeka, kazi ya mkono ilihamia kwa mafundi, lakini kwenye mitaala ilibaki.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na Muhimbili jijini Dar es Salaam mwaka 1979. Makerere ilifuata, na Rwanda ikaanza shahada yake mwaka 2013. Nchini Tanzania mwanafunzi husoma miaka 5, kisha hufanya kazi ya vitendo chini ya uangalizi kwa mwaka 1. Ndani ya miaka hiyo lazima ajue kung'oa, kuziba, kutibu mizizi, kutibu fizi, kuhudumia watoto, kufanya upasuaji mdogo, na kutengeneza meno bandia.

Misingi ya mitaala hiyo ilitoka kwenye jamii zenye wazee wengi wasio na meno kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani hawana jino hata moja, na kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi kiwango hufikia asilimia 23. Jamii zetu bado ni changa kwa umri. Anayefika kliniki kwa kawaida amepoteza meno machache kwa kuoza au kwa ajali, kwa kuwa alifika hospitali jino likiwa limekwisha na tiba iliyobaki ilikuwa kung'oa. Anachotaka ni jino la mbele ili acheke mbele za watu, au magego ili ale anachopenda. Mtaala unamwandaa mwanafunzi kwa mzee asiye na meno. Foleni inamletea kijana aliyepungukiwa matatu.

Wanayopitia wanafunzi

Tafiti zilizofanywa katika vyuo vya mabara mbalimbali zinakaribiana kwa jambo moja: wanafunzi wa mwaka wa mwisho hujiamini kuziba na kung'oa jino kuliko kutengeneza meno bandia, na hatua ya kupima jinsi mataya yanavyokutana ni miongoni mwa zinazowatisha zaidi. Sababu zake ni nne.

Ya kwanza ni kuruka kutoka kwenye sanamu hadi kwa mtu. Kichwa cha mfano hakitemi mate, hakitapiki trei inapofika nyuma ya kaakaa, wala hakisemi kwamba kimechoka. Mwanafunzi aliyepata alama za juu maabara hukutana na mzee anayeng'ata kwa mazoea ya miaka 10 bila magego, taya likikimbilia mbele kila anapoambiwa afunge kinywa.

Ya pili ni kutokubaliana kwa wasimamizi. Kwa kuwa jibu halionekani kwa macho, walimu wawili wazoefu wanaweza kutofautiana kwa milimita mbili na wote wakawa na hoja. Mwanafunzi aliyeambiwa Jumatatu apunguze kimo cha nta huambiwa Alhamisi na msimamizi mwingine akirudishe. Kama hakuna anayemweleza sababu, atajifunza kumjua msimamizi badala ya kumjua mgonjwa.

Ya tatu ni uhaba wa wagonjwa wanaofaa na wanaoweza kumaliza. Safari tano au sita ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi ni malipo ya vifaa. Mgonjwa akikatiza safari ya nne, mwanafunzi huanza upya na mwingine huku muhula ukiisha. Yapo mazingira ambapo mwanafunzi humlipia mgonjwa nauli kutoka mfukoni mwake ili asikose alama. Mzigo huo haupaswi kuwa wake.

Ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni namna ya kupima. Vyuo vingi huweka idadi: seti kadhaa za meno kamili, kadhaa za meno machache, kofia kadhaa. Idadi ina faida zake. Ni rahisi kukagua, inamlinda mwanafunzi dhidi ya upendeleo, na inahakikisha hakuna anayehitimu bila kugusa kazi. Lakini idadi huhesabu meno yaliyokabidhiwa. Haihesabu meno yanayovaliwa. Siku ya kukabidhi sahihi hupatikana, na mgonjwa anayerudi wiki mbili baadaye akiwa na kidonda chini ya ulimi huonekana mzigo, kwa sababu haongezi chochote kwenye daftari. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi huyu hapewi hata nafasi ya kumuuliza anayekilalia.

Hoja ya kwanza: kila hatua kwa mkono wa mwanafunzi

Wanaoshikilia njia ya zamani wanasema daktari asiyewahi kupanga meno kwenye nta hawezi kuhukumu meno yaliyopangwa na mwingine. Mkono hufundisha jicho. Aliyemimina plasta vibaya na kuona povu likiharibu modeli hatasahau kuikagua kabla ya kuituma. Hoja yao nyingine ni ya jiografia: hospitali nyingi za wilaya hazina maabara ya meno. Daktari aliyepangiwa huko anapaswa angalau kurekebisha meno yaliyovunjika, kuongeza jino moja kwenye kipande cha zamani, au kujaza akriliki pale mfupa ulipopungua.

Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali, hasa nje ya miji mikubwa. Udhaifu wake ni muda. Saa ambazo mwanafunzi anapanga seti ya nne ya meno ni saa ambazo hayuko na mgonjwa. Kurudia kazi ya maabara mara nyingi humfanya fundi wa wastani, na katika maisha yake ya kazi hataifanya. Faida kubwa iko katika seti ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo yanayopatikana ni uchovu.

Hoja ya pili: maabara iachiwe fundi sanifu

Upande wa pili unasema kila taaluma ifanye kazi yake. Fundi sanifu wa meno amesomea vifaa, amezoea mikono, na hufanya kwa saa moja kile ambacho mwanafunzi hukifanya kwa siku nzima. Nchini Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, kina stashahada ya taaluma hiyo. Kanada, Denmark, Finland na Uholanzi zimekwenda mbali zaidi: zina wataalamu wa meno bandia wasio madaktari wanaoruhusiwa kumpokea mgonjwa wenyewe. Daktari, kwa mtazamo huu, afundishwe kuchunguza, kupanga tiba, kuchukua vipimo sahihi na kuandika maagizo.

Hoja hii inaheshimu ujuzi wa fundi, na inafungua muda wa kliniki. Lakini ina shimo ambalo nchi tajiri zimekwisha kuliona. Tafiti za Uingereza kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba madaktari wengi huituma kazi maabara bila mchoro wa muundo wa meno ya kuvua, wakamwachia fundi aamue. Fundi anaona plasta tu. Haoni fizi inayotoka damu, jino linalotikisika, wala kinywa kinachokauka kwa dawa za presha. Akiamua peke yake, huamua kwa kile kinachokaa vizuri kwenye modeli. Matokeo yake ni kipande cha akriliki kinachofunika shingo za meno yaliyobaki, kinashika uchafu, kinasugua fizi, na baada ya miaka michache kinamsababishia mgonjwa kung'olewa meno ambayo yalikuwa mazima. Meno bandia yaliyokusudiwa kuziba pengo hupanua pengo.

Kwa Afrika Mashariki hatari hiyo ni kubwa kwa sababu akriliki, ambayo ni nafuu, ndiyo inayotumika zaidi. Fremu ya madini huacha fizi ikipumua, lakini ni ghali na huhitaji maabara yenye mitambo. Kwa hiyo mwanafunzi husoma fremu ya madini darasani na kukuta akriliki kliniki. Asipofundishwa kubuni kipande cha akriliki kisichodhuru, amefundishwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hoja ya tatu: twende na dijitali

Kizazi kipya kinauliza kwa nini mjadala uendelee wakati mashine ipo. Tangu mwaka 1985, Zurich ilipomhudumia mgonjwa wa kwanza kwa mfumo wa CEREC, kompyuta zimekuwa zikichonga vijazo vya meno, na baadaye kofia. Leo skana ndogo hupita kinywani, picha ikajengeka kwenye skrini, na meno yakachongwa au kuchapishwa. Hakuna trei ya kumtapisha mgonjwa, hakuna alijineti ya kusinyaa, safari hupungua, na faili hubaki: meno yakipotea kwenye basi, hutengenezwa mengine bila kuanza upya. Kwa mafunzo kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mwanafunzi huona kosa lake papo hapo, limekuzwa kwenye skrini, pamoja na kipimo chake. Ule ugomvi wa milimita mbili kati ya wasimamizi unapata ushahidi.

Gharama ndiyo kikwazo kinachotajwa kwanza: skana, leseni za programu, vipuri na fundi wa mitambo hulipiwa kwa fedha za kigeni. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni cha kitaalamu. Skana huona vizuri jino gumu; haioni vizuri fizi laini isiyo na meno, inayong'aa kwa mate na kusogea kila shavu linapovutwa. Picha ni ya kinywa kilichotulia, ilhali meno bandia lazima yakae kwenye kinywa kinachoongea, kinachocheka na kumeza. Na mashine haimwambii daktari mataya yakutane wapi. Swali gumu kuliko yote linabaki palepale, mikononi mwa binadamu.

Yapo pia mambo ambayo kiwanda cha mbali hakikuyafikiria. Akriliki ya kawaida huja ikiwa ya waridi, wakati fizi za wagonjwa wetu wengi zina weusi wake wa asili. Mwanafunzi anayebofya rangi iliyomo kwenye menyu tu atamkabidhi mgonjwa kinywa cha mtu mwingine.

Hoja ya nne: tufundishe pia wakati wa kutoweka meno

Hoja hii husikika kidogo, na inastahili nafasi kubwa. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba mtu mzima anaweza kula na kuishi vizuri bila magego yote, mradi meno ya mbele na magego madogo yawepo na yakutane. Wazo hilo lilijaribiwa Tanzania. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima nchini na kuchapishwa mwaka 2003, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania na Nijmegen, ulionyesha kwamba waliobaki na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana walitafuna vya kutosha. Waliobakiwa na jozi mbili au pungufu za magego madogo walipata tabu kubwa, hasa kwa vyakula vigumu.

Maana yake kwa mafunzo ni nzito. Si kila pengo linadai meno bandia. Kipande cha akriliki kinachowekwa nyuma ya kinywa ambacho tayari kinatafuna vizuri humletea mgonjwa gharama na madhara bila faida. Daktari mwenye busara humuuliza mgonjwa anakula nini, kwa sababu ugali na ndizi hazidai kile kinachodaiwa na makande, muhogo mbichi au miwa.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaweza kugeuzwa kisingizio. Chuo kisicho na vifaa kinaweza kusema wagonjwa hawahitaji, na mgonjwa maskini akaambiwa avumilie kile ambacho tajiri hutibiwa. Pia haijibu suala la jino la mbele, ambalo ni la heshima na ajira kadiri lilivyo la chakula. Halafu kuna tatizo la daftari: mwanafunzi aliyeshauri vizuri kwamba mgonjwa huyu asiwekewe meno hapati alama yoyote. Mfumo wa idadi humsukuma atengeneze.

Mizani

Tukizipanga hoja nne pamoja, tunaona kwamba tatu za kwanza zinabishania nani atengeneze, na ya nne pekee ndiyo inayouliza kama kuna haja. Mkono, fundi na mashine ni njia. Zote tatu zikitumiwa na daktari asiyejua kuamua hutoa meno yasiyovaliwa. Kwa hiyo kipimo cha mafunzo hakiwezi kuwa njia iliyotumika, wala idadi ya vipande vilivyokabidhiwa. Kipimo cha haki ni mgonjwa baada ya miezi kadhaa: anayavaa, anakula nayo, fizi yake ni nzima, meno yaliyobaki yako salama?

Kutokana na hapo mpangilio unajieleza. Kila mwanafunzi atengeneze kwa mkono wake seti moja ya meno kamili na kipande kimoja cha meno machache, kuanzia plasta hadi kung'arisha, ili jicho lake lifunguke na ili asishindwe na kazi ndogo za wilayani. Nyinginezo aandike maagizo na kuchora muundo, kisha aende maabara kuzungumza na fundi sanifu uso kwa uso. Fundi huyo atambuliwe kuwa mwalimu na apewe nafasi ya kumrudishia mwanafunzi kazi yenye vipimo vibovu. Skana, pale chuo kinapokuwa na uwezo, ianze kutumika kwanza kama kioo cha kumwonyesha mwanafunzi makosa yake, kwa sababu skana moja inaweza kuhudumia darasa zima kwa kazi hiyo. Uamuzi wa kutoweka meno, ukiwa na sababu zilizoandikwa, uhesabiwe kama kazi kamili. Na alama za mwisho zitolewe mgonjwa anaporudi, zisitolewe anapoondoka.

Mpangilio huu una gharama, na ni vizuri zitajwe. Kumfuatilia mgonjwa kwa miezi hakuendani na kalenda ya mihula. Itabidi wanafunzi wa mwaka wa nne warithiane wagonjwa na wa mwaka wa tano kwa utaratibu ulioandikwa. Wasimamizi watalazimika kukutana mara kwa mara na kuhukumu kazi ileile pamoja, hadi tofauti zao zipungue, na muda huo hautoki hewani. Idadi ya vipande itapungua, na wapo watakaosema viwango vimeshuka. Zaidi ya yote, nauli na vifaa vya mgonjwa wa kufundishia vinapaswa kuingizwa katika bajeti ya mafunzo, kama vile dawa na vitendanishi vinavyoingizwa. Mgonjwa anayetoa siku sita za maisha yake ili daktari wa kesho ajifunze anatoa mchango kwa taifa. Haifai autoe na nauli pia.

Kwa muhtasari

Mafunzo ya meno bandia ni magumu kwa sababu hatua zake hurithiana makosa na jibu lake halionekani kwa macho. Yamekuwa magumu zaidi kwetu kwa sababu mtaala ulijengwa kwa jamii za wazee wasio na meno, ilhali wagonjwa wetu wengi ni watu wazima waliopungukiwa machache. Kazi ya mkono hufungua jicho lakini hula muda. Kumtegemea fundi huokoa muda lakini humwacha fundi aamue asichokiona. Dijitali huonyesha makosa na kuhifadhi kumbukumbu, lakini ni ghali na haijui mataya yakutane wapi. Kujizuia kuweka meno huwalinda wengi, lakini kunaweza kuwa kisingizio cha kuwanyima maskini.

Kwa mgonjwa, jambo la kushika ni hili: safari tano au sita ndizo tiba yenyewe, na kidonda kinapotokea usiyasugue meno kwa tupa nyumbani, rudi, kwa sababu unaporudi ndipo mwanafunzi anapojifunza. Kwa vyuo, badilisheni daftari kwanza, kisha mnunue mashine. Chuo kinachohesabu meno yaliyokabidhiwa kitapata madaktari wa kukabidhi meno. Chuo kitakachowahesabu watu wanaokula kwa meno hayo kitapata madaktari.